Wadudu Hawakuwa Trieste

Kila tarehe 10 Novemba ni Siku ya Sayansi Duniani kwa Amani na Maendeleo. UNESCO iliitangaza mwaka 2001. Kusema kweli, siku za namna hii hunichosha: hotuba, picha, chai, kisha kila mtu kwake. Lakini hunifanya nimkumbuke Thomas Risley Odhiambo, mtu aliyeuliza swali ambalo hotuba hizo hulikwepa. Hiyo sayansi ya kimataifa, inafanyikia wapi?

Ili umwelewe vizuri, mtazame kwanza Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirudi Lahore kufundisha, akakuta hana mtu wa kujadiliana naye kazi yake. Akarejea Uingereza. Upweke ule ulimuuma, na mwaka 1964 akafungua kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia. Mwanasayansi kutoka nchi maskini angekwenda huko kwa muda, akutane na wenzake, halafu arudi nyumbani bila kuacha kazi yake. Wazo zuri sana. Fizikia ya nadharia inataka ubao, chaki na watu wa kubishana nao, basi.

Odhiambo alikuwa mtu wa wadudu. Alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha Cambridge. Na mbung'o, jamani, haishi Trieste. Wala viwavijeshi, wala kupe anayeua ng'ombe wa Ndigana. Kama wadudu wako huku, mbona mtaalamu wao akae kule? Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Carl Djerassi, mkemia wa Marekani anayejulikana kwa kidonge cha kupanga uzazi, naye akatoa hoja ya kujenga vituo vya utafiti wa hali ya juu katika nchi zinazoendelea. Mwaka 1970 ICIPE ikazaliwa, kituo cha kimataifa cha kuchunguza miili ya wadudu na mazingira yao. Kilianza kwa unyonge huko Chiromo, kando ya chuo kikuu.

Mpango wake ndio unaonifurahisha. Magwiji kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wakija mara kwa mara kusimamia utafiti, huku watafiti vijana wakikaa hapa Nairobi na kufanya kazi yenyewe. Yaani Salam aliwapeleka watu Ulaya, Odhiambo akaigeuza safari. Ni kweli pesa nyingi zilitoka nje, na mwenye pesa huwa na neno. Hilo halijaisha mpaka leo. Lakini mlango wa maabara ulikuwa huku.

Cha ajabu ni kwamba Akademia ya Sayansi ya Afrika, ambayo Odhiambo alikuwa rais wake wa kwanza, ilianzishwa Trieste, mwaka 1985. Wanasayansi wa Afrika walikuwa wamekwenda kwenye mkutano wa akademia ya Ulimwengu wa Tatu, ile aliyoianzisha Salam, wakaona afadhali waanzishe ya kwao papo hapo. Kumbe ilibidi waende Italia ndipo wakutane! Makao yake yakawekwa Nairobi.

Sasa njoo Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ICIPE ilikojenga kituo cha pili. Huko, kuanzia miaka ya 1990, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza kilimo cha sukuma-vuta. Katikati ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo anayetaga mayai ya viwavi wanaotoboa mabua. Pembezoni unazungushia nepia, inayomvuta nondo huyohuyo. Akitaga pale, viwavi wake wengi hunaswa na utomvu na kufa. Desmodiamu inarutubisha udongo, inazuia gugu la striga, na mwisho wa siku ng'ombe anaila. Mkulima hanunui dawa.

Utafiti huo ulifanyika Mbita kwa sababu viwavi walikuwa Mbita. Odhiambo alifariki mwaka 2003, na kituo kile leo kinaitwa kwa jina lake.