Viraka vya Jumanne usiku

Mara nyingi naulizwa kwa nini kompyuta za ofisini hukwama Jumatano asubuhi, saa ile kila mtu ana haraka ya kutoa ankara. Jibu fupi ni hili: tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vya usalama vya Windows mara moja kwa mwezi, Jumanne ya pili. Vikitoka Marekani, hapa Kiganjo (ya Thika, sio ile ya chuo cha polisi kule Nyeri) ni saa 2 au saa 3 usiku. Ofisi zimefungwa, mashine zimezimwa. Zikiwashwa asubuhi, zote zinakimbilia kiraka kwa pamoja.

Jibu refu ni historia. Kiraka hutoka siku moja kwa dunia nzima. Shida yetu ilikuwa njia ya kukileta.

Chukueni mnyoo wa Blaster. Kiraka cha kuuzuia kilitoka 16 Julai 2003, mnyoo wenyewe ukatokea 11 Agosti. Siku 26. Windows XP au 2000 isiyo na kiraka ilishikwa kwa kuunganishwa tu na mtandao, bila mtu kufungua chochote, kisha mashine ikahesabu sekunde 60 na kujizima. Sasa wewe wa modemu, unaingia mtandaoni kutafuta dawa na ugonjwa unakukuta hapo hapo. Sekunde 60 utashusha nini?

Agosti 2004 ikaja Service Pack 2 ya Windows XP, iliyokuja na fayawoli ikiwa imewashwa tayari. Toleo lake kamili lilikuwa na MB 266 hivi. Piga hesabu: modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kasi yake yote (haikwenda), inataka zaidi ya saa 10 bila laini kukatika, na simu unalipia kwa muda. Wakati huo Kenya haikuwa na kebo ya intaneti ya chini ya bahari, mawasiliano na nje yalitegemea setilaiti. Basi masasisho yalisafiri kwa CD. Mtu mwenye laini nzuri Nairobi alishusha usiku, akachoma CD, nayo ikapanda matatu hadi Thika. Watu wa Linux tulikuwa na raha kidogo: Canonical ilituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo, mpaka ilipoacha mwaka 2011. Mfumo mzima ndani ya sanduku la posta!

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja, nayo ni nakala za wizi. Julai 2005 Microsoft ilianza kukagua uhalali wa Windows kabla ya kuruhusu vitu vingi vishushwe. Viraka vya usalama vinavyojileta vyenyewe viliendelea kutolewa hata kwa nakala zisizo halali, lakini nani alingoja kusikia hilo? Masasisho yakazimwa yote. Kwa maoni yangu jambo hili liliumiza ofisi ndogo kuliko modemu.

Matunda yake yalionekana kwa Conficker. Kiraka kilitolewa nje ya ratiba, 23 Oktoba 2008. Mnyoo ukaja Novemba, na kufikia mwisho wa Desemba ulikuwa umejifunza kupanda flashi. Hapo hata kompyuta isiyo na mtandao haikuwa salama, flashi moja iliyopita saiba ilitosha.

Mwaka 2009 TEAMS ilifika Mombasa mwezi Juni na SEACOM ikaanza kazi 23 Julai. Njia ikapatikana. Lakini tabia ya kuzima haikuondoka na modemu: kiraka cha kuzuia WannaCry kilitoka 14 Machi 2017, mnyoo ukapiga 12 Mei. Siku 59, zaidi ya mara mbili ya muda ule wa Blaster, na hata hospitali za Uingereza zenye mtandao mzuri zilikutwa bila kiraka.

Kupokea kila kitu papo hapo nako kuna gharama. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya CrowdStrike ilitumwa saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, ikaondolewa dakika 78 baadaye. Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Ndiyo maana hapa kwetu mashine moja hupokea kiraka Jumatano, na nyingine zote Alhamisi jioni.

Safari hii tatizo ni mashine zenyewe. Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba ni za zamani mno kwa masharti ya Windows 11. Kampuni ikitaka viraka vya ziada, bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka.

Kwetu mashine 3 zilishindwa kipimo. Mbili nimezihamishia Ubuntu. Ya tatu inaendesha programu ya mizani isiyoijua Linux, kwa hiyo nimeichomoa kwenye mtandao, na matundu yake ya flashi nimeyaziba kwa gundi.