Mtoto Aliyeshika Bunduki

Nilikuwa na miaka tisa nilipoigiza filamu yangu ya kwanza na ya mwisho. Wageni walikuja Kwihara na kamera, jenereta na masanduku ya chuma, wakitaka kupiga picha za Stanley na Livingstone mbele ya tembe. Kwihara iko nje kidogo ya mji wa Tabora, na watoto wengi wa shule za kwetu wamewahi kupelekwa pale kwa ziara ya historia. Safari hii mwalimu alichagua wanne tu. Watatu walipewa mizigo midogo ya kubeba kichwani. Mimi nilipewa bunduki ya mbao.

Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya Mzungu aliyeigiza kuwa Stanley. Nisiseme, nisicheke, nisitazame kamera. Tulirudia kipande kile kile mpaka kivuli cha mwembe kikatuhama. Nzi alitua puani pangu nikamwacha, kwa sababu niliambiwa mwigizaji hodari hatikisiki. Jioni nilipewa soda mbili na noti moja, nikarudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Haya, mjukuu wangu, humo ulikuwa nani?"

"Mtoto wa Stanley, Bibi."

"Kumbe alikuwa na mtoto?"

"Si wa kumzaa. Wa kumbebea bunduki."

"Ehe. Na mama yake yuko wapi?"

Sikujua. Nilimwambia filamu ile haikuwa na wanawake. Bibi alipeta mchele wake, akasema mtoto wa watu hasimami nyuma ya mtu tu, lazima kuna alikotoka.

Filamu yenyewe sikuwahi kuiona. Nilikua, nikaondoka Tabora kwa treni kama wengi wetu, na kwa miaka mingi hadithi ya bunduki ya mbao ilikuwa ya kuchekesha marafiki. Siku moja, katika kitabu cha historia, nikaiona picha iliyopigwa studio London mwaka 1872. Stanley amevaa nguo zake za safari. Nyuma yake amesimama mtoto mweusi, ameshika bunduki. Nilisimama hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimeigiza mtu aliyeishi kweli, na kwamba yeye mwenyewe katika picha ile alikuwa anaigiza.

Mtoto huyo alitolewa kwetu. Stanley aliondoka pwani ya Bagamoyo mwanzoni mwa mwaka 1871 na kufika Kwihara mwezi Juni, akiwa na msafara wa wapagazi, vitambaa na shanga. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Alipokuwa anasubiri, mfanyabiashara mmoja, Mohammed, alimpa zawadi ya mtoto wa kiume. Mtoto huyo alikuwa ametoka mbali, nchi ya Kazembe, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mdogo, wa umri wa miaka sita au saba hivi.

Jina alilokuja nalo Stanley aliliandika Ndugu M'hali, na akaeleza kwamba maana yake ni mali ya ndugu. Hakulipenda. Aliwaita watu wake wapendekeze jingine, na lililokubalika likawa Kalulu. Maji yakaletwa katika chombo. Selim, kijana Mwarabu Mkristo aliyekuwa mkalimani wa msafara, akamshika mtoto juu ya maji, na jina likatangazwa. Stanley aliamini Kalulu ni mtoto wa swala. Katika lugha za upande wa Zambia na Malawi, kalulu ni sungura, yule mjanja wa hadithi ambaye kila mara hupata upenyo wa kutorokea.

Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi, nikitafuta jibu la Bibi. Hata lile la Ndugu M'hali halinipi sauti ya mama anayemwita mwanawe. Nasikia ndani yake mtu anayehesabu mali. Jina alilopewa na mama yake, kama lilikuwa jingine, Stanley hakuliandika.

Kalulu alifundishwa kuhudumia mezani, kupanga sahani, visu na vijiko, na kubeba silaha ya bwana wake. Alitembea hadi Ujiji, akawepo Stanley alipomwona Livingstone mwishoni mwa mwaka 1871, akarudi nao wote wawili Kwihara mwezi Februari mwaka uliofuata. Njia hiyo ilizoea miguu ya watoto. Wengine walifuatana na wazazi wao wapagazi, wakibeba mikeka na vibuyu. Wengine walipelekwa pwani kuuzwa. Kalulu aliifuata mpaka baharini, kisha akavuka.

Huko Ulaya akawa mwigizaji, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Alivalishwa na kusimamishwa studio. Mwishoni mwa mwaka 1872 Stanley alikwenda kuhutubia Marekani, akampeleka Kalulu, naye akapandishwa jukwaani watu wamwone. Katika makumbusho ya Madame Tussauds, London, ilitengenezwa sanamu yake ya nta. Mwaka 1873 Stanley alichapisha riwaya ya vijana kwa jina la mtoto huyo, My Kalulu. Ndani yake Kalulu ni mwana wa mfalme. Yule aliyepewa kama zawadi Kwihara alikuwa sasa na hadithi nzuri ya kusomwa na watoto majumbani, na hakuna neno hata moja alilolitunga yeye.

Alipelekwa shule kwa muda, katika eneo la Wandsworth, London. Mwezi Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waombolezaji Westminster Abbey, alipozikwa Livingstone. Mwili ule ulikuwa umebebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka bara hadi pwani, wakapita nao hapa hapa kwetu. Najiuliza mtoto yule alifikiri nini mbele ya jeneza. Alimjua marehemu, walitembea pamoja kutoka Ujiji. Watu wengine wengi waliokuwa kanisani humo walimjua kwa magazeti tu.

Mwigizaji mtoto akikua, huwa anaulizwa kumbukumbu zake. Nani alikuwa mkali, nani alimpa pipi, alilia siku gani. Mimi ninaweza kueleza habari za nzi na za soda mbili. Kalulu hakupata nafasi hiyo. Karibu yote tunayoyajua juu yake yameandikwa na mtu aliyemmiliki.

Ila kuna jambo moja ambalo Stanley aliliandika bila kulitaka. Mwaka 1874 Kalulu alirudi Afrika katika msafara wake mkubwa wa pili. Mwaka 1876 msafara ulifika Ujiji, penye ugonjwa wa ndui, na watu wakaanza kutoroka kwa hofu ya safari iliyokuwa mbele, kwenda magharibi zaidi. Miongoni mwa waliotoroka alikuwa Kalulu. Alikuwa amekwisha kula vyakula vya London, amekwisha kuandikiwa riwaya yenye jina lake, lakini penye Ziwa Tanganyika, karibu na njia iliyomleta akiwa mdogo, alikimbia. Watu wakatumwa kumtafuta. Walimpata, wakamrudisha.

Kwangu mimi hicho ndicho kipande pekee cha maisha yake ambacho hakuelekezwa na mtu. Alikuwa anakwenda wapi? Nchi ya Kazembe ilikuwa mbali. Lakini mtoto akikimbia, hata kama hajui njia, huwa anakimbilia alikotoka.

Mwezi Machi 1877, kwenye maporomoko ya Mto Kongo, mtumbwi aliokuwamo ulivutwa na maji makali ukatumbukia. Alikuwa na miaka kama 12. Stanley aliyaita maporomoko hayo Kalulu.

Bibi alifariki kabla sijayasoma haya. Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu Kwihara. Tembe limejengwa upya na miembe bado ipo. Nilimwonyesha mahali niliposimama siku ya kamera.

"Ulisema nini?" akauliza.

"Hakuna. Nilishika bunduki tu."

"Na yule mtoto wa kweli, alisema nini?"

Tuliketi chini ya mwembe, nikamsimulia. Sikuanza na Stanley, wala na zawadi, wala na picha ya London. Nilianza na Ujiji, usiku ule alipotoroka.