Umepanda Gari la Nani?

Juma lililopita kijana mmoja anayesomea uandishi wa habari aliniandikia barua. Anauliza mwandishi afanye nini anapokosana na waandishi wenzake kwa sababu ya habari moja. Huyu anasema umeuza kalamu, yule anasema umewasaliti watu wako. Nilitaka kumjibu kwa kanuni za maadili, nikaona afadhali nimpeleke Ngorongoro. Sijui mahali pengine hapa nchini palipoandikwa sana na kugombanisha waandishi kiasi kile.

Tuanze na herufi moja. Mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika kwenye korongo ambalo Wamaasai wanaliita Oldupai, kwa jina la mkonge pori unaoota pale. Likaandikwa Olduvai. Ni kosa la sikio tu, lakini ndilo lililoingia katika ramani, katika maandishi ya Louis na Mary Leakey waliochimbua hapo fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na katika vitabu tulivyosomea shuleni. Wenye jina walikuwapo muda wote huo, wala hawakuwa mabubu.

Kisha ikaja karatasi nzito zaidi. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka saini chini ya hati ya Kiingereza, kukubali kuhama Serengeti magharibi. Mwaka 1959 eneo likagawanywa: Serengeti ikabaki hifadhi isiyo na makazi ya watu, Ngorongoro ikawa ya watu na wanyama pamoja. Mwezi Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull aliwaambia Wamaasai kwamba, pale Ngorongoro, maslahi ya wanyama na ya watu yakigongana, ya watu yatatangulia. Tangu siku zile mwandishi wa upande huu hukumbusha hati ya 1958, wa upande ule hukumbusha hotuba ya 1959, na ni wachache wanaomsomea msomaji zote mbili.

Wakati huohuo Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuwa wakiruka juu ya nyanda zile kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Walihesabu wanyama wakapata 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ilianguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, na mabaki ya baba yake, aliyefariki mwaka 1987, yamewekwa hapo hapo. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na kitabu cha jina hilohilo kikasomwa dunia nzima.

Grzimek aliandika bila kuficha kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji. Mimi sikubaliani naye. Kutoka angani boma la mtu ni duara dogo la miiba, na sauti ya mwenye boma haifiki huko. Lakini nampa haki yake. Ukimsoma, unajua tangu ukurasa wa kwanza anampigania nani. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi pale Ngorongoro na aliyewafahamu Wamaasai kwa miaka mingi, alitoa kitabu chake mwaka 1972, na ndani yake mfugaji ana nafasi yake. Mwaka 1986 Tepilit Ole Saitoti, mtoto wa huko huko, akaandika maisha yake mwenyewe, naye akakutana na taabu nyingine: ya nyumbani kwa baba yako, ni yapi ya kumwambia mgeni?

Lakini mtu ninayetaka kijana wetu amkumbuke ni Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi. Mwaka 1992 haki ya kuwinda Loliondo, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, ilitolewa kwa ofisa wa jeshi kutoka Falme za Kiarabu. Mwaka 1993 Katabalo akaifichua kashfa hiyo, toleo baada ya toleo. Aliandika kwa Kiswahili, katika gazeti la wafanyakazi. Alifariki mwaka huohuo. Minong'ono juu ya kifo chake ilienea sana. Minong'ono si habari, naiacha hapo. Mwaka 1995 waandishi wenyewe waliunda Baraza la Habari, na maadili waliyojiwekea yanakataa bahasha. Bahasha, kama mjuavyo, haijasikia.

Sasa niseme langu. Mwaka 2022 Ngorongoro ilikuwa moto. Familia zilikuwa zikihamia Msomera, Handeni, na magazeti na redio zetu ziligawanyika waziwazi. Nilikwenda katika msafara ulioandaliwa na ofisi moja ambayo sitaitaja. Gari lao, chumba cha Karatu chao, posho yao. Asubuhi tulipita lango la Lodoare, na mzee mmoja akanieleza mambo mawili: kwamba mifugo yake inakonda na maisha ni magumu, na kwamba hata hivyo hahami. Nilikuwa na dakika tatu hewani. Nikarusha la kwanza.

Rafiki yangu wa miaka mingi, mwandishi wa gazeti, alinipigia simu usiku uleule akaniita kanjanja. Nilipata jibu haraka, maana nilijua yeye naye alilala Karatu kwa gharama za shirika lililokuwa upande wa pili, na habari yake ilikuwa na lile neno la pili tu. Tulitukanana vya kutosha. Mzee alikuwa mmoja, tulikuwa tumempasua vipande viwili, na hakuna kati yetu aliyewaambia watu alipanda gari la nani.

Kwa hiyo, kijana wangu, kabla hujamjibu mwenzako anayekutukana, sikiliza upya kanda yako yote. Kisha mwambie msomaji nani alikusafirisha. Mimi niliomba kufanya hivyo. Mhariri wangu alikataa mara mbili, mara ya tatu akanipa sekunde 40.

Baadaye nilipanda basi kwa nauli yangu hadi Karatu, siku ya mnada, nikamkuta yule mzee ameleta mbuzi. Nilimwomba radhi, nikamsikilizisha maneno yake yote, halafu na masahihisho. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ni yeye. Kisha akaniuliza yale ya kwanza yalitoka saa ngapi, na haya saa ngapi. Nikamwambia: ya kwanza, mara baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, haya, saa sita kasorobo.