Kinanda cha Wapagazi

Ukiambiwa Kariakoo kuna piano ya kale inatengenezwa utacheka. Pale si mahali pa vitenge, vitunguu na spea? Lakini ipo, ndugu msomaji, kwenye karakana ya seremala mmoja upande wa Gerezani, nami namsaidia kukwangua rangi na kuchunguza ilikotoka.

Ni ya Kijerumani. Kasha lake limenakshiwa maua, na mbele lina vishikio viwili vya shaba vya kuwekea mishumaa. Kila apitaye husifia maua. Mimi nasema, bwana, tazama vibonyezo vyeupe! Juu ya kila kimoja vimebandikwa vipande viwili vyembamba, kipana mbele na kidogo nyuma, na kati yao kuna mstari kama unywele. Ukiinama kwenye mwanga unaona nyuzinyuzi kama za mbao. Plastiki haina hizo. Hiyo ni pembe ya ndovu.

Karne ya 19 Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya piano, na pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake. Kampuni ya Heinrich Adolph Meyer ya Hamburg ilinunua huku kwetu. Arnold, Cheney ya Marekani iliweka wakala Unguja, na kule Connecticut kijiji kizima kikaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe.

Shuleni tulifundishwa kwamba pembe zilifika Bagamoyo. Zilifikaje? Reli haikuwapo, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Zilifika mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi, kutoka Ujiji na Tabora, safari ya miezi. Wengine walilipwa ujira, wengine walikuwa watumwa.

Na jina Kariakoo je? Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam, na jengo la soko walilojenga Wajerumani likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Wazee wetu wakalitamka Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa magonjwa. Kumbe piano hii imeletwa kutengenezwa mahali penye jina la watu wa kazi ileile iliyobeba pembe!

Vibonyezo vitatu vimebanduka. Unyevu wa pwani hulegeza gundi. Fundi hatafuti pembe mpya. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kudai biashara hiyo ipigwe marufuku duniani, na ikapigwa. Ataweka mfupa wa ng'ombe, na rangi yake haitalingana na vingine. Nimemwomba asiifiche tofauti hiyo.

Vijana wenzangu tunaoandika, hata sisi hupenda kusifia kasha: sultani fulani, gavana fulani, jumba fulani. Tuulize pia nani alibeba mzigo, na kwa malipo gani. Majina yao hayakuandikwa popote kwenye kinanda hiki. Basi tuwaandike sisi.