Somo yangu

Shuleni Nairobi, somo ni hesabu au sayansi: somo langu, masomo yangu. Pwani somo ni mtu pia: wajina, msiri, hata kungwi amfundaye mwari. Huyo huitwa somo yangu. Herufi moja inageuza hesabu kuwa binadamu!

Mimi nilikuwa na somo wa aina hiyo Kangemi, amenizidi miaka minne. Jumamosi tulishuka kwa miguu kando ya Waiyaki Way hadi mjini, maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931. Alinifunza kitabu cha watu kinavyoshikwa: mikono safi, ukurasa haukunjwi. Hadi leo nanawa kwanza. “Rafiki” halimtoshi, “kaka” linamkosa. Wabara wenzangu, tuliazime neno hili kwa Wapwani, tulitumie.