Bwaga Mzigo, Usizime Mtambo

Ndugu msikilizaji, ukifika Bagamoyo ukapita kwenye jengo la Caravan Serai, simama kidogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na Tabora iliishia katika mji huu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua pembe za ndovu, na wengine wakingoja kufungiwa vitambaa, shanga na nyaya za kupeleka bara. Henry Morton Stanley alikaa hapa majuma kadhaa mwaka 1871 akitafuta wapagazi, na mwishowe aliugawa msafara wake mafungu matano.

Kila mwenye mali alijua jambo moja. Mzigo wa kesho hukaa karibu na mlango. Mzigo wa mwezi ujao huwekwa ghalani nyuma, na siku yake ikifika huletwa mbele. Mlango ukijaa, huwezi kufunga biashara ili upanue nyumba. Unatafuta ghala jingine huku wapagazi wakiendelea kuingia.

Nimekumbuka hayo kwa sababu ya jioni moja kazini. Tulikuwa tunahamisha kanda za zamani za mahojiano na wazee wa pwani kuziingiza kwenye kompyuta. Kanda zile zilikuwa zimechakaa, kila zikipigwa zinachunika. Saa kumi na mbili na nusu kijana wetu wa mitambo akaja mbio.

“Shikamoo kaka. Seva imejaa kumbukumbu.”

“Marahaba. Izime basi uiwashe upya.”

“Nikiizima, sauti ya yule mzee inapotea, bado haijahifadhiwa. Na taarifa ya habari ya saa moja inatoka kwenye mashine hii hii.”

Akanieleza pia kwamba kumbukumbu ikiisha kabisa, mfumo wenyewe huchagua programu moja na kuiua ili kuokoa nyingine. Huenda ikawa ya mzee, huenda ikawa ya habari.

Kijana hakuzima kitu. Alitazama diski, akaona ipo nafasi tele. Akatenga faili la gigabaiti 4, akalifunga ili msimamizi wa mashine peke yake aweze kulisoma, maana siri zilizokuwa kwenye kumbukumbu zaweza kuangukia humo. Akalitayarisha kwa amri ya mkswap, kisha akaandika swapon. Basi. Mashine ikapata ghala la nyuma, ambalo mafundi huliita swapu. Kurasa za kumbukumbu zilizokuwa zimelala zikahamia diskini, na zilizokuwa na kazi zikapata nafasi. Saa moja habari zilisomwa. Sauti ya mzee nayo ikahifadhiwa.

Ndugu msikilizaji, ujanja huu una historia. Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kundi la Tom Kilburn lilizindua kompyuta ya Atlas. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa na nafasi 16,384 tu, lakini nyuma yake palikuwa na ngoma ya sumaku yenye nafasi zaidi ya 98,000. Mashine ilihamisha kurasa yenyewe kati ya hizo mbili, na mwandishi wa programu akaiona kumbukumbu kama moja kubwa. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walianzisha Unix. Katika miaka yake ya mwanzo mfumo huo ulikuwa ukitoa programu nzima na kuipeleka diskini. Mwaka 1979 watu wa Berkeley, California, waliufundisha kuhamisha ukurasa mmoja mmoja. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza Linux, na mashine nyingi leo zinafuata mkondo huo.

Sisi je? Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini tulikuwa tumeshachelewa kujifunza. Ndiyo maana namheshimu kijana anayejua kupanua ghala bila kuvunja nyumba.

Lakini tusidanganyike. Diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu yenyewe. Mashine ikitegemea ghala la nyuma kila dakika, inashinda ikibeba kurasa kuzipeleka na kuzirudisha, na kazi yenyewe haiendi. Ni kama mpagazi anayezunguka kati ya mlango na ghala bila kufika Ujiji. Swapu inakununulia muda wa kwenda kutafuta kumbukumbu zaidi, na muda huo unapaswa kuutumia.

Kuna jambo la pili. Faili lile lisipoandikwa katika orodha ya fstab, mashine ikizimwa na kuwashwa tena hulisahau kana kwamba halikuwahi kuwapo. Kijana aliandika mstari mmoja, akanitazama na kusema, “Kaka, kisichoandikwa hakipo.”

Nilifikiria kanda zilizobaki kabatini. Wazee wengi waliozungumza humo wameshatangulia mbele ya haki. Akiba haiozi, walisema wahenga, ila kanda inaoza. Kama nyumbani kwako ipo sauti ya babu au bibi, usingoje mlango ujae. Mtafutie nafasi leo.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.