Njia ya Tunduma na Wasafiri Wasio na Nauli

Zamani nchi ya Wanyamwanga ilikuwa moja. Mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya, na mpaka ukapita kati ya ndugu na ndugu. Hata leo, avukaye Tunduma kwenda Nakonde huhesabiwa kuwa ameingia nchi ya ugeni, ijapokuwa husalimiwa kwa lugha ya mama yake.

Katika miaka ya 1930 vijana wa Mbozi na Rungwe waliishika njia hiyo kwenda migodi ya shaba ya Luanshya na Nkana, nchi iitwayo sasa Zambia, ili wapate fedha ya kodi na mahari. Wengi walikwenda kwa miguu mamia ya maili, wamejitwika unga. Unga ulipokwisha, riziki yao ilikuwa kwa wenyeji. Nasi twaijua methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi walilima, wakala, wakaendelea.

Mwaka wa 1975 reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilikamilika, na safari ya majuma ikawa ya siku chache. Lakini deni halikufutika. Msafiri maskini akibisha hodi kwetu, tusisahau ya kuwa babu zetu walilishwa na watu wasiowajua.